Chumba Kisicho na Msumari

Binti yake Selim Dede alibisha hodi kwetu Jumamosi iliyopita akiwa na mfuko wa dukani. Alikuwa anasafisha nyumba ya baba yake, jirani yetu tuliyemzika juzijuzi, na kabatini alikuta kitu ambacho marehemu alikuwa amemwambia ni chetu. "Alisema ni amana," akatuambia. "Alisema hajastahili kukichukua, maana mwenye chumba hakuingia." Mama akaupokea mfuko, akachungulia, akakitoa. Kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, kimekunjwa vizuri kana kwamba kimetoka dukani leo, ila hakikunuka duka. Kilinuka utomvu wa msonobari. Harufu ile ilinipiga puani, na mimi, mtu mzima mwenye kazi yangu na bili zangu, nikajiona nimesimama tena nyuma ya nyumba yetu ya Villawood, hapa Sydney, ndoo ya vipande vya mbao mkononi, macho juu, nangoja ndege.

Sisi tuliokuwa watoto wakati wa korona kila mmoja ana lake. Wenzangu wengi hukumbuka shule ya kwenye tableti na helikopta ya polisi iliyozunguka juu ya mapaa yetu, kana kwamba virusi vilikuwa vinakimbia kwa miguu. Mimi nakumbuka chumba.

Chumba kilikuwa cha Koko. Koko ndivyo kwetu Fizi, sisi Wabembe, tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, Yosefu. Tulipopata safari ya kuja Australia faili lake lilibaki nyuma, naye akabaki kwenye kambi ya wakimbizi, huko magharibi ya Tanzania. Mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni. Nimepewa jina lake, Feza, kwa hiyo baba hakuwahi kuniita Feza hata siku moja, aliniita Mama. Sura ya Koko niliijua kwa simu tu: paji la uso na nusu ya kilemba, maana hakuwahi kujifunza kuishika simu sawasawa. Kisha viza yake ikatoka. Baba alilia kama mtoto, mama akapikia kanisa zima wali, na sahani hazijakauka bado, mipaka ikafungwa.

"Ba-avion haziruki," baba akasema, yaani ndege. "Lakini zitaruka. Atakuja. Na akikuja, atalala wapi?"

Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili. Mwenye nyumba alikubali tujenge chumba uani kwa sharti moja: siku tutakayohama, chumba nacho kihame, asikute hata alama. Baba alirudi na sharti hilo kama aliyetumwa maji kwa pakacha. Selim Dede akayasikia malalamiko yake kwenye uzio. Dede kwa Kituruki ni babu, na mzee huyo alitaka watoto wote wa mtaa wamwite hivyo. Alikuwa mjane, fundi wa ujenzi aliyestaafu, amekaa Sydney tangu ujana wake, na kila mwaka alikuwa akienda kijijini kwao, milimani juu ya Bahari Nyeusi, kaskazini ya Uturuki. Mwaka ule hakwenda. Kiingereza chake na cha baba vilikuwa ndugu, vyote vya kuokoteza, kwa hiyo walielewana vizuri kuliko walivyoelewana na Waaustralia.

"Nyumba inayohama?" Selim Dede akasema. "Msikiti wetu ulihama."

Baba akacheka. Mzee hakucheka. Akaegemea uzio akaanza kueleza, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kreti pale chini, nasikia kila neno. Zamani za babu yake mlima uliporomoka, kijiji kikalazimika kupanda juu zaidi, na wazee wakakataa kuuacha msikiti. Ulikuwa wa mbao tupu. Mbao pana zilizochongwa kwa shoka, zimelazwa moja juu ya nyingine, na kwenye kona kila ubao umekatwa mdomo ukaumana na mwenzake. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Basi wakaufungua kuanzia paa, wakatia kila ubao alama kwa kisu, ng'ombe wakavuta nzito, wanawake wakabeba nyepesi mgongoni, wakaujenga upya kule juu, kila ubao mahali pake. Nje, alisema, ungeupita ukidhani ni stoo ya mkulima. Hauna mnara, umekaa juu ya mawe ili unyevu usipande. Lakini ukiinama ukaingia, ni maua. Dari, nguzo, kibaraza cha wanawake, kote wamepaka maua mekundu na ya kijani, na humo ndani mna kigiza, mpaka macho yazoee ndipo yanajitokeza moja moja.

Akaeleza pia maghala yao ya mahindi, yaliyosimama kwa miguu minne, kila mguu umevishwa duara la ubao ili panya akipanda agonge kichwa arudi. Baba akapiga kofi pajani. "Hata kwetu! Kwetu na siye ghala iko na miguu!" Kuanzia hapo wakawa ndugu. Mturuki na Mbembe, wameunganishwa na panya.

Mbao zilipatikana kwenye bohari alikofanya kazi baba. Mashine zilikuja kutoka ng'ambo ndani ya masanduku makubwa ya msonobari, na masanduku yakishafunguliwa yalikuwa takataka. Bosi akasema beba. Kila Jumamosi wazee wawili walikuwa uani na msumeno na patasi, na mama akiwapelekea chai alisimama kidogo kuwachokoza.

"Yosefu, watu wa kanisa watasema tunajenga muskiti nyuma ya nyumba."

Baba akamtafsiria Selim Dede. Mzee akafuta jasho. "Mwambie mbao hazina dini," akasema. "Nyumba ya mama na nyumba ya Mungu, kona ni ile ile."

Baba hakuziamini zile kona mwanzoni. Kona ya kwanza ilipoumana aliisukuma kwa bega, akaipiga teke, mwisho akaning'inia kwayo kama nyani, nayo haikulia hata kidogo. Selim Dede alimtazama kwa subira. Msumari, alisema, unakamata ubao kwa nguvu kama polisi. Kona inaukamata kwa sababu mbao zenyewe zimekubaliana. Aliniruhusu nipige pigo la mwisho kwa nyundo ya mti, na kila ubao ulipokaa mahali pake ulitoa sauti nene, *du*, na harufu ya utomvu. Sijui sauti nyingine ya utotoni niliyoipenda vile.

Paa lilipofika kilele, mzee akashuka ngazi akakaa chini, akakunja mikono. Kazi imesimama. Baba akadhani amechoka. Kumbe ni desturi: kwao, paa likisimama, mwenye nyumba hutundika nguo kwenye ubao wa kilele, shati au taulo au kitambaa kizuri, na nguo hiyo ni ya fundi. Bila nguo fundi hanyanyuki. Mama akaingia ndani, akatoka na kitenge cha njano chenye ndege wa bluu. Alikuwa amemnunulia Koko, cha kumvika uwanja wa ndege.

"Hicho?" baba akauliza.

"Nitamununulia kingine. Fundi anamujengea mama, tumupe ya mama."

Mimi hakuna aliyenieleza. Watoto wa Sydney tulikuwa na bahati mbaya hiyo: wakubwa walisema Kiswahili wakadhani hatusikii, na sisi tulijibu Kiingereza wakadhani hatuna swali. Niliona nilichokiona. Kitenge cha Koko kiko juu ya paa kinapepea, na Koko anakuja na ndege. Basi ni alama. Hajui kusoma, haijui Villawood, lakini atachungulia dirishani, atakiona kitenge chake, atamwambia rubani, hapa, nishushe hapa. Anga za siku zile zilikuwa tupu. Siku ndege moja ilipopita nilikimbia uani nikapunga mikono yote miwili, mpaka ikapotelea upande wa Liverpool, kitongoji cha jirani. Na Selim Dede alipopanda akakishusha kitenge, akakikunja na kwenda nacho kwake, nililia mpaka nikapata homa. Mama alinipa dawa ya homa.

Chumba kikaisha. Mzee alichukua mabaki ya rangi akapaka maua ndani, juu ya mlango na kuzunguka kitanda, mekundu na ya kijani, ya msikiti wa kwao. Mama akafunga chandarua, kwa sababu Koko asingelala bila chandarua hata umwapie kwamba hapa hakuna malaria. Jioni baba alikaa kizingitini akampigia simu na kumzungushia kamera.

"Mama, ona. Chumba yako."

Lile paji la uso likasogea. "Mbona mumechora maua? Miye ni bibi-arusi?" Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Musikifunge. Chumba ikifungwa inanuka. Muniachie mulango wazi, niko nakuja."

Tukauacha wazi. Mwanga wa jua la jioni uliingia mpaka kwenye mto wake.

Halafu ikaja baridi, na ile lokdauni kali ya upande wetu wa mji. Selim Dede akarudi upande wake wa uzio, sisi upande wetu. Baba aliendelea kwenda bohari, akichokolewa pua kwa pamba ya kipimo kila mara, na akirudi alivua nguo mlangoni kabla hajatusogelea. Siku moja alirudi akakaa kwenye ngazi na nguo zake zote. Simu ilikuwa mkononi. Koko alikuwa amefariki kule kambini. Wengine walisema kifua, wengine malaria, na hakuna aliyekuwepo wa kutuambia kwa hakika.

Kwetu msiba ni watu. Watu wanakuja, wanakaa chini, wanalala chini, wanaimba, wanapika, wanakuchosha mpaka usipate nafasi ya kulia peke yako. Sisi tulikuwa watatu. Kanisa lilikuja kwenye tableti yangu ya shule, nyuso ndogo ndogo, kila mmoja kwake, na mwimbishaji akitangulia huku wengine wakimfuata kwa kuchelewa, wimbo ukavurugika mpaka mchungaji akasema basi, tuombe kimya. Sijawahi kumhurumia mama kama siku ile. Alikuwa amepika sufuria kubwa la msibani kwa mazoea, na hakukuwa na wa kula.

Mazishi tuliyatazama kwa simu ya baba, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Niliona miguu ya watu, udongo mwekundu, sanduku jeupe. Mtu akainama na nyundo. Hapo picha ikaganda, sauti ikaendelea. Ko, ko, ko. Baba alikuwa ameinamia kopo la sukari anaita, "Mama. Mama," na mimi, kwa kuwa hilo ndilo jina aliloniitia, nikaitika. Hakugeuka. Kisha na sauti ikakatika.

Mchana ule ule baba alikwenda kwenye gari akatoa nyundo ya chuma na boksi la misumari ya bohari. Akaufunga mlango wa chumba cha uani. Akaupigilia kwa mbao mbili za kukingama, kisha akaenda kona kwa kona, kona zile zilizokubaliana zenyewe, akazishindilia misumari mpaka mbao zikapasuka. Ko, ko, ko. Selim Dede akatokea uzioni mbio, barakoa imening'inia sikio moja.

"No nail, Yosefu!" akapaza sauti. "No nail!"

Baba hakumtazama. Mzee akafungua mdomo tena, akaniona mimi nimesimama na soksi kwenye majani, akamwona mama dirishani ameshika kichwa. Akaelewa. Akavua kofia yake ya sufu, akasimama pale mpaka msumari wa mwisho.

Na mimi nikaelewa vyangu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu Koko akifungiwa ndani kwa misumari, picha ikapotea, na misumari ile ile ikaendelea hapa uani. Kwangu hayo hayakuwa mambo mawili. Koko amefika. Kitenge hakikuhitajika, amepita njia nyingine, amelala mle chini ya chandarua na maua, na baba amemfungia kwa sababu ya korona, maana kila aliyetoka ng'ambo alifungiwa kwanza. Sikumwuliza mtu. Niliona wamehuzunika, nikadhani ni kwa sababu hawaruhusiwi kumkumbatia.

Jioni Selim Dede alipika halua ya semolina. Kwao mtu akifa majirani hukaanga semolina na siagi, na harufu yenyewe ni sadaka. Kwa kuwa hakuruhusiwa kutusogelea, aliweka sahani kwenye ncha ya ubao mrefu akaupitisha juu ya uzio, na mama akaipokea kule mwisho. Wakatazamana juu ya ule ubao. Baba hakula. Mimi nilikula nusu ya fungu langu, na nusu nikaipeleka kwenye kizingiti cha chumba. "Koko, it's sweet," nikamwambia kwenye ufa wa mlango.

Asubuhi halua haikuwepo. Sahani ilikuwa imelambwa.

Kuanzia hapo nilikuwa na Koko wangu. Nilimpelekea mikate ya kukaanga, ndizi, maharage ya jana, na kila asubuhi sahani ilikuwa tupu. Nilimsomea kazi za shule kwenye ufa. Nilimwambia avumilie, karantini ina mwisho. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote nyumbani, na nakumbuka mama alinigombeza siku moja kwa kuimba, kisha akaniomba radhi.

Jioni moja nilipeleka sahani mapema zaidi, kukiwa bado na mwanga, nikarudi kuchungulia, nikamkuta possum. Mnyama yule wa mapaa, mkia wa manyoya, macho ya duara, amekaa kizingitini kwa Koko anakula ndizi kwa mikono miwili, taratibu, bila haya. Tulitazamana. Hakukimbia, maana alikuwa ameshazoea. Ndipo Koko akafa kwangu, kwa mara ya kwanza, wakati baba na mama walikuwa wameshaanza kuzoea. Nilirudi jikoni na sahani, mama akaniona, akaiona sahani. Alikaa chini sakafuni akanivuta. Tulikaa vile mpaka maharage yakaungua.

Chumba hakikufunguliwa tena. Nyasi zilikizunguka, paa likashika ukungu. Lokdauni ilipokwisha Selim Dede alirudi kunywa chai kwetu, na kila alipokaa uani alikiweka kiti chake mgongo ukielekea chumba. Hakulitaja jambo lile mpaka anaingia kaburini. Kitenge sasa naelewa kwa nini hakukitumia, akakitunza tu.

Mwaka huu mwenye nyumba ameuza, sisi tumepata pa kwetu Toongabbie, na lile sharti la zamani limekumbukwa: chumba kihame. Jumapili, siku moja baada ya kitenge kurudi, tulikwenda uani sote watatu baada ya kanisa, mama akiwa na sahani ya mikate ya kukaanga. Baba ana mvi sasa, na mgongo wa bohari. Alishika mtaimbo akaanza na mlango. Misumari ilikuwa imeota kutu, ikatoka kwa kelele, mmoja mmoja, na kila mmoja aliutia mfukoni mwa suruali yake ya kanisani. Ubao wa mwisho ulipoanguka hakufungua. Mama ndiye aliyesukuma.

Hewa ya zamani ikatoka, msonobari na vumbi. Chandarua kilikuwa pale pale. Kitanda kimetandikwa. Na maua, kwa kuwa tangu mlango upigiliwe jua halikuyafikia, yalikuwa mekundu na mabichi kama siku yalipopakwa. Mama akakifungua kitenge, akakitandika sakafuni, akavua viatu, akakaa chini kama watu wanavyokaa msibani. Baba akakaa. Nikakaa. Mama akaanzisha wimbo, ule ule uliovurugika kwenye tableti, na safari hii tulifika mwisho pamoja. Baba alilia kwa sauti. Tangu Koko afe sikuwahi kumsikia.

Alipotulia nikataka kumchekesha. Nikamweleza, kwa Kiswahili, hadithi ya karantini na sahani na possum. Nikasema, "Papa, mimi nilidhani Koko yuko humu ndani."

Hakucheka. Alikuwa anaizungusha misumari mfukoni.

"Haukukosa, Mama," akasema. "Alikufa bila miye. Nikasema basi, humu hatatoka tena. Nikamupigilia." Akatazama maua juu ya mlango. "Na yeye alisema tumuachie wazi."

Tulikuwa tumepanga kuanza na paa siku ile ile, kisha kona, tuone zipi zimepona. Baba akasema hapana, paa ni kesho. Mama akatangulia jikoni, nami nikamfuata. Nilipofika kwenye ngazi nikageuka. Mlango ulikuwa wazi kabisa, jua la jioni limefika mpaka kwenye mto, na baba alikuwa ameinama kizingitini, anaweka sahani.